Darasa la Kufukuza Kunguru

Dagaa wanaoanikwa mchangani Kabuta, kijiji chetu cha wavuvi, hunuka maji asubuhi. Jua likipanda, harufu inakuwa kali, inaingia kwenye nywele na kukataa kutoka. Kila alfajiri Mama alinisugua kwa sabuni kabla ya kunipeleka chekechea, kana kwamba alitaka kuliondoa ziwa lote mwilini mwangu. Alivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo akiwa na mimba yangu, akaishia kuuza samaki katika soko la Kashikishi, upande wa Zambia, na alikuwa ameapa kwamba mimi sitauza. Chekechea yetu ilikuwa chumba cha kanisa chenye bati lililolia juani. Sikuweza kutulia humo. Inzi, injini ya boti, mnyororo wa baiskeli ya mchuuzi: kila kitu kiliniita na nikaitika. “Kichwa yako ni chujio,” Mama aliniambia. “Bintu yote inapita tu.”

Kiangazi kimoja tukaletewa mwalimu mpya, Madamu Ngoie, msichana mkimbizi kama sisi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu umsogelee. Hakutufokea. Alitutoa nje, akampa kila mtoto safu ya dagaa ya kulinda. Kazi hiyo tuliijua tangu tulipoanza kutembea. Sheria yake ilikuwa moja: ukimwona kunguru usikimbie, usipige kelele, inua mkono tu. Tulipokuwa tukilinda alitusimulia habari za mamba aliyeuza chumvi, kisha akanyamaza ghafla katikati na kutuuliza: “Mamba alijibu nini?” Tulijua wote. Siku nyingine alituambia tufumbe macho, akaondoa dagaa mmoja, nasi tulipofumbua tukaliona pengo lake. Taratibu akaturudisha ndani. Dagaa wakawa mawe, hadithi zikarefuka, na injini iliponguruma ziwani sikugeuza shingo. Ndipo akachukua mkaa, akaanza kuchora herufi kwenye mawe. Alikuwa kwenye herufi ya kwanza wazazi walipomwita.

Kikao kilifanyika mumo humo chumbani, nasi watoto tumekaa miguuni mwa mama zetu. Mama yangu ndiye aliyesimama. “Madamu, mi nilimuleta mutoto asome, haiko afukuze ndege. Kama ni samaki, mi mwenyewe ningemufundisha bure!” Watu wakacheka. “Bule bule!” akadakia mama mmoja Mbemba, mwenyeji wa pale, kwa lafudhi yake. Madamu Ngoie hakucheka. “Mama, muulize mutoto wako nilisimulia nini jana.” Nikasimama, nikaisema yote, tangu mamba alipolowesha chumvi hadi mkewe alipomfungia mlango. Kwa kitambo kidogo nilidhani tumeshinda. Kisha Mama akauliza, kwa upole: “Na jina yake, anaweza kuandika?”

Sikuweza.

Madamu Ngoie aliondoka kabla ya mvua. Mwalimu aliyemfuata alitugeuza tuutazame ukuta, mkono mmoja kifuani, kidole cha wa pili mdomoni. Mzazi aliyepita dirishani aliona shule. Niliandika jina langu upesi, Mama akaibeba ile karatasi sokoni akimwonyesha kila mteja, akilia kwa furaha, na siwezi kumlaumu kwa machozi yale. Lakini hakuna aliyeniuliza tena nimesikia nini.

Sasa ninaandika vitabu, na jina langu liko kwenye majalada. Chekechea za Nchelenge, wilaya yetu, zina kuta zilizochorwa wanyama, na nilipompeleka mwanangu mwaka huu niliona vidole vile vile vikiwa midomoni. Mama amezeeka. Jioni hukaa nami barazani na kunieleza jinsi walivyovuka: nani alipiga kasia, nani walimwacha. Mimi humtazama usoni, mikono imekunjwa, naitikia kwa kichwa panapostahili. Jana alinishika goti akasema, “Wewe tu njo unajua kusikiliza mutu.” Akanyamaza, akingoja nimjibu jambo aliloniuliza muda mfupi kabla ya hapo, na sikujua ni lipi.