Stesheni ya Baba Juu ya Rafu

Baba alistaafu kazi ya kubadilishia treni njia pale stesheni ya Mwanza. Alipoanza kusahau mambo, nilipigilia rafu chumbani kwake Butimba, nikaanza kumjengea stesheni ile kwa maboksi na nyaya. Mwaka wa kwanza alinielekeza kila njia ilikopita. Mwaka wa pili akawa ananitazama tu.

Juzi nilimaliza paa la jengo, nikamshika mkono aje aone.

"Nzuri," alisema. "Ni ya wapi?"

"Ndipo ulipofanya kazi, baba."

"Mimi sijawahi kufanya kazi reli," alinijibu kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni.

Jumapili iliyofuata nilibandika mabehewa mawili yaliyobaki. Sikumwita.