Mwisho wa Hotuba

Redio ya jirani yetu, Mzee Mbwana, ilinuka betri zilizochomwa na jua. Pale Tindiga betri zikichoka tulizianika uani kando ya mpunga, zikashika joto, zikasema tena kwa muda. Nyumba nyingi hazikuwa na redio, kwa hiyo kila moja ilituma mtoto mwenye kichwa chepesi akasikilize, arudi kusimulia. Kwetu nilitumwa mimi, msichana wa darasa la tatu, na kazi hiyo nilijivuna nayo sana.

Vita vya Kagera vilipoanza, Rais alihutubia taifa. Siku hiyo hata watu wazima walijaa uani kwa Mzee Mbwana. Sauti ile ilieleza jinsi tulivyovamiwa, ikawa kama inamwambia kila mmoja wetu peke yake. Kisha betri zikafa, hotuba ikakatika. Mzee Mbwana alizigongagonga, akazing'ata, wapi.

Nyumbani nilimwamkia mama, nikasimama wima na kuanza kuhutubia. Mama na kaka Saidi, waliokuwa wamechelewa shambani, wakaacha kula.

"Akamalizaje?" kaka aliuliza.

Niliona aibu kusema sijui. Nikasema Rais ameomba kila nyumba itoe kijana mmoja. Kwetu kijana alikuwa mmoja tu.

Asubuhi kaka alikwenda kujiandikisha jeshini, na haukupita muda tukamsindikiza stesheni ya Kilosa, anacheka, shati limenyooshwa. Hakurudi, wala hatukuonyeshwa kaburi.

Mama hakumlaumu mtu. Ila kila tulipokaa kupepeta mchele aliniambia, "Hebu niambie tena ile hotuba, mwanangu. Ule mwisho." Nadhani alitafuta humo sababu ya kumtosha. Nilimwambia, naye aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta. Nilimpenda mno kaka yangu, na sikuwahi kupata ujasiri wa kusema ukweli.

Siku hizi wajukuu zangu husikiliza kwenye simu viongozi wa nchi za mbali wakiita watu vitani. Wakitilia shaka neno, hurudisha nyuma wakamsikia mwenyewe upya. Nawaonea wivu. Mama hakuwa na pa kurudia isipokuwa kwangu. Aliniuliza mara ya mwisho akiwa kitandani, hawezi tena kuinua kichwa, nami nikamrudia uongo wangu, neno kwa neno.