Swichi kwa Kamugisha

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu kule Kishanda, mwanangu, magoti yangu yakiwa bado magoti. Siku hizi hata kupanda ngazi ya dari naomba msaada. Wakati huo nilikuwa fundi kijana wa mitandao, nimeitwa na mzee mmoja wa pale, Ta Rweyemamu. Intaneti ilikuwa imefika nyumbani kwake juu, kando ya barabara. Alitaka niivute kwa waya hadi chini kwa mama yake, mgonjwa wa kitandani, ili aonane kwa video na kitinda mimba wake aliyekuwa ng'ambo. Bila waya haikuwezekana. Migomba ya kule imesongamana, inameza mawimbi yote.

Nikapima. Waya ule ukizidi mita mia hauaminiki tena, na kwa mama kulikuwa mbali zaidi. Ilibidi katikati ikae swichi, kile kisanduku kinachopokea waya mmoja na kugawa kwa wengine, nacho kinataka umeme. Katikati palikuwa na nyumba moja tu, ya mdogo wake, Kamugisha. Tangu wagawane kibanja, shamba la migomba la baba yao, wawili hao hawakuwa wakisalimiana.

"Zungusha nyuma ya migomba," Ta Rweyemamu akaniamuru.

"Waitu, mzee wangu, ukizungusha unakuwa mrefu zaidi. Hautafaa."

"Fukia, kijana. Kwa Kamugisha mimi sipigi hodi."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi nikachukua jembe kweli, nikafukia waya.

Jioni tukawasha. Uso wa yule kitinda mimba ukatokea nusu, ukaganda. Mama, aliyevalishwa kitenge kipya, akaukodolea macho.

"Mbona hasemi? Amenikasirikia?"

Mpaka leo sauti ile inanichosha.

Zilipita siku kabla Ta Rweyemamu hajashusha moyo. Mwishowe alibeba kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya kumwendea mtu, akaenda kwa mdogo wake. Kamugisha akatafuna, kisha akasema, "Mwambie fundi aje kesho."

Nilipofika kesho yake, mama alikuwa amefariki usiku. Nikafunga swichi hivyohivyo, nikamaliza kabla ya chai. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi hicho. Kamugisha naye nikamchomekea waya wake, na kaka yake wa kule juu hakupungukiwa na kitu. Kitinda mimba alimwona mama yake ndani ya jeneza, picha safi kabisa.

Sasa wewe, mwanangu, jana umenisimulia huku unacheka kwamba hapo Rwamishenye umemkatalia mpangaji mwenzako kupitisha waya koridoni kwako. Sina nguvu za kukugombeza. Nakuambia tu: mfungulie mlango, mchange swichi, mgawane. Na ukiwa na neno na ndugu yako, limalize mkiwa wazima wote, maana majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Nenda salama. Mungu akupe uzee wenye watu, na moyo unaowahi.