Hisa za mafuta yasiyoonekana

Juzi nilikwenda kwa wakala wa pesa pale Dunda kutuma ada ya mwanangu, nikakuta mume na mke wanabishana. Mke alikuwa amepokea pesa za zamu yake ya upatu. Mume alitaka wanunue hisa za kampuni ndogo inayotafuta mafuta baharini.

"Wameshayapata?" mke aliuliza.

"Bado, ndiyo maana bei iko chini. Mama watoto, si kila mwaka tunanunua mavuno ya miembe ingali na maua?"

"Maua nayaona. Wewe uza pikipiki yako, ununue."

Mume aliitazama pikipiki pale nje, akaenda kuipangusa kiti kwa kiganja.

"Tusubiri kwanza wachimbe," alisema.

Tulicheka, naye akacheka. Wachambuzi wa hisa nimewasikia wengi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwelewa.