Milioni Moja na Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bomang'ombe, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki akasema, "Mwalimu, hapa Hisabati wanaiogopa kuliko fimbo." Nilikaa hapo miaka mingi, kisha nikahamishiwa Kilema, kwenye shule ya wasichana iliyoongozwa na Sista mmoja mkali.

Huko Kilema, siku moja nilikuwa nafundisha namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Msichana aitwaye Anneth, aliyekwishakata tamaa na somo langu, akauliza, "Zikiwa kubwa sana, mtu anajuaje kama ni tasa?"

Niliandika ubaoni 1,000,003. "Tuichunguze hii wenyewe," nikasema.

Niliwaeleza kwamba hatuna haja ya kujaribu kila namba. Kama inagawanyika, kigawo chake kimojawapo hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, nacho kinapita elfu moja kwa kiduchu tu. Zilitutosha namba tasa zilizo chini ya elfu. Wakagawana. Anneth alisitasita, akaachiwa fungu la mwisho, lenye 997.

Sista alipita, akasimama mlangoni. "Mwalimu, hiyo imo kwenye mtihani?"

"Haimo, Sista."

"Basi mna mpaka Ijumaa. Baada ya hapo mrudi kwenye muhtasari."

Alhamisi likatokea jambo. Waliogawanya kwa 7, kwa 11, kwa 13 na kwa 37 wote walibakiwa na nne. Wenzao wakadhani wameangaliziana. Sista alikuwa tena mlangoni. Safari hii aliingia.

"Kwa nini nne?" akauliza. Akachukua chaki, akaandika 999,999, akaigawanya kwa 7, kisha kwa 11, kwa 13, kwa 37. Zote ziliisha bila baki. "Kumbe," akasema taratibu. "Namba yenu ni hii, ukiongeza nne." Akaketi dawati la nyuma, wala hakuondoka mpaka kengele ilipogonga.

Ijumaa namba nyingine zote zilikuwa zimeacha baki, ikabaki 997 peke yake. Anneth alikuja ubaoni.

"Sikugawanya, mwalimu. 997 ni elfu kasoro tatu, nikaizidisha kwa elfu na tatu. Nimepata 999,991. Inabaki kumi na mbili."

"Kwa hiyo?" Sista aliuliza kutoka dawati la nyuma, alikokuwa ameketi tena.

"Kwa hiyo ni tasa, Sista."

Darasa zima lilipiga makofi. Tangu siku hiyo Anneth alihamia dawati la mbele, na leo anafundisha Hisabati Moshi mjini. Huwaambia wanafunzi wake kwamba namba tasa zenye tarakimu mamia ndizo hutumika kufunga siri nyingi za kwenye simu: kuzidisha mbili kati yake ni rahisi, kuzitafuta tena ndani ya jibu kunamshinda hata mwenye kompyuta.

Nimestaafu. Niko Masama na kahawa yangu na ng'ombe mmoja. Majuzi nilipanda Kilema kumsalimu Sista, naye amezeeka. Mimi ni Mlutheri, lakini kwake husalimia kwa desturi yao.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mwalimu, zile namba tasa pacha, zinazopishana kwa mbili kama kumi na moja na kumi na tatu, zina mwisho?"

"Hakuna anayejua, Sista."

"Hata Ulaya?"

"Hata Ulaya."

Alivuta kiti chake karibu na meza. "Basi lete karatasi," akasema.