Kipande cha Nane

Saa saba mchana, msumeno umenyamaza. Seremala wa miaka arobaini na saba amekaa juu ya benchi lake la kazi, penseli moja sikioni, nyingine mkononi, anaiangalia karatasi kama vile imemtukana.

Mbele yake amesimama mdogo wake wa kike, mwalimu wa darasa la tano. Ametumia mapumziko yake kuja kumfundisha hesabu. Hajala.

"Kaka, soma swali."

"Nimeshasoma. Ubao wa mita sita, ukatwe vipande vya sentimita sabini na tano. Vinatoka saba."

"Nane."

"Saba."

"Geuza mita ziwe sentimita. Mia sita. Gawa kwa sabini na tano. Nane, na hakibaki kitu. Mtoto wa miaka kumi anapata."

"Huyo mtoto ameshawahi kukata ubao?"

Mwalimu anafumba macho.

Fundi huyu aliacha shule darasa la tano, hesabu za sehemu zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Amekata mbao miaka ishirini na nane. Vijana kumi na wanne wamejifunza kazi kwake, na wawili kati yao sasa ni walimu wa chuo cha ufundi. Chuo kinamtaka na yeye, ila lazima awe na cheti cha elimu ya msingi. Mtihani wa watu wazima ameufanya mara mbili, na mara zote hisabati imemwangusha: alama 31, kisha 38. Zinatakiwa 40. Alhamisi anarudi tena, na chuo kimesema baada ya hapo nafasi wanampa mwingine.

"Niliowafundisha kushika randa wanapokea mshahara," anasema. "Mimi nabishana na karatasi."

"Unabishana na mimi," mdogo wake anamjibu. "Karatasi haina shida na mtu."

Fundi anainuka. Anauvuta ubao wa mita sita uliokuwa ukutani, anapima, anakata. Mara saba. Unga wa mbao unamwagikia viatu vya mwalimu.

"Kaka, huo si wa kitanda cha mteja?"

"Sasa ni wa stuli."

Vipande saba vinalingana. Cha nane anakisimamisha pembeni yao. Kimepungua upana wa kidole gumba.

"Kila ukikata, msumeno nao unakula," anasema. "Aliyetunga swali hajui kama msumeno una tumbo."

Mwalimu anakitazama kile kipande, halafu anamtazama kaka yake.

"Uko sahihi. Na kwa usahihi huo huo umefeli mara mbili."

Fundi anarudi kwenye karatasi. Anaandika hatua moja moja, akikandamiza penseli kama anayepigilia msumari: 6 × 100 = 600. 600 ÷ 75 = 8.

"Alhamisi nitawaandikia nane yao," anasema. "Ila nikipewa lile darasa, siku ya kwanza wote watashika msumeno, kisha ndiyo niwaulize vimetoka vingapi."

Anampa mdogo wake kipande kifupi. "Nitunzie. Hicho ndicho kitabu changu cha kufundishia."

Kengele ya shule inalia. Mwalimu anarudi darasani na njaa yake, ubao kwapani.