Doto, mchezaji anayetoa pasi bila kutazama nyuma

Jumamosi, jua bado halijatoka hapa Lanham, Marekani, na uwanja wa barafu umewashwa taa za upande mmoja tu. Mashine ya kulainisha barafu imemaliza kazi na kurudi bandani. Barafu inang'aa kama sahani iliyooshwa, haina hata mchubuko. Doto Cosmas, msichana wa miaka kumi na sita, anafunga kamba za viatu vyake vya visu na kuingia peke yake.

Anateleza bila haraka, anasukuma kisahani cheusi kwa gongo lake. Mara anakirudisha nyuma, upande wa kushoto, pasipo kutazama. Hakuna mtu hapo. Kisahani kinagonga ukuta wa pembeni, kinarudi, naye anakipokea kana kwamba amepasiwa.

Juu kwenye viti, mama yake amejifunga kitenge juu ya koti. Flaviana ametoka zamu katika nyumba ya kulelea wazee, na badala ya kwenda kulala amekuja hapa na rozari yake.

"Nakuja kila Jumamosi," anasema kwa sauti ya chini. "Simwangalii yeye. Naangalia pale anapokipeleka."

Doto ni mshambuliaji wa timu ya wasichana ya hapa ya mpira wa magongo wa barafuni. Siku za wiki yuko shule, na mwishoni mwa wiki ananoa visu vya viatu vya wateja wa uwanja huu. Wenzake wanamtania kwamba ana macho kisogoni. Ni hiyo pasi yake iliyowaleta watu wa timu moja ya vijana ya huko kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Walimwona mwaka jana, wakasema watarudi Machi kumwona tena ndipo waamue kama watamchukua.

Siri yenyewe anaieleza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo kazi. Mchezaji anayetaka pasi, anasema, hugonga gongo lake kwenye barafu.

"Nasikia ko, ko, kushoto kwangu. Natoa pasi. Sikuwahi kujiuliza sana ni nani."

Aliyemfanya ajiulize ni Vumilia, mama wa Tabora anayefanya usafi hapa uwanjani. Asubuhi moja ya Januari alisimama na mopu yake kioo kimemtenga na barafu, akimtazama Doto akiteleza peke yake.

"Barafu ilikuwa mpya, imelainishwa wakati huo huo," anasimulia Vumilia. "Nikaona mistari ya watu wawili. Huyu akikata kona, na wa pili amekata. Nikamwita. Nikamwuliza, wewe mtoto, unaitwa Doto, Kulwa yuko wapi?"

"Kulwa ni nani, Aunty?" Doto alimjibu.

"Usinitanie, mwanangu. Mtu hawi Doto hivi hivi. Kwetu Doto ni pacha wa pili kutoka. Wa kwanza ndiye Kulwa."

Doto alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Ndani ya gari alimwuliza mama yake. Flaviana alipitiliza njia ya kwenda nyumbani, akapitiliza na iliyofuata, wakazunguka jiji zima kwenye barabara kuu.

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia," anasema.

Kulwa alikuwa msichana pia. Alifariki Mwanza, mchanga kabisa, kwa homa. Mama mkwe akamkataza Flaviana kulia.

"Aliniambia, mkamwana, ukimlilia huyu aliyekwenda, aliyebaki atageuka kumtafuta. Akigeuka, atamfuata. Nikanyamaza. Cosmas mume wangu naye akanyamaza. Tulipokuja huku tukaona afadhali, huku hakuna wa kuuliza. Kwa Wamarekani Doto ni jina tu."

Tangu siku ile Doto akaanza kugeuka. Anasikia ko, ko, anapinda shingo, anaona weupe mtupu. Akirudisha macho, kisahani kimeshachukuliwa. Kocha wake, Anna, alimwuliza kama shingo inamuuma. Machi ilikuwa inakaribia, na ile pasi iliyowavuta watu wa kaskazini ilikuwa imepotea.

Mama alikuwa na hofu yake nyingine. Kila mara Doto anapogeuka, yeye anakumbuka maneno ya mama mkwe. Mwezi wa pili, katikati ya mechi, Doto aligeuka, asimwone mpinzani anayekuja kwa kasi. Alibamizwa ukutani, akalala pale bila kutikisika.

"Nikasema basi, amemfuata," anasema Flaviana.

Doto aliinuka. Bega tu lilikuwa limeumia. Lakini Jumapili hiyo, baada ya Misa ya Kiswahili, mama yake alimfuata Padre Sebastian akamwambia ana mtoto ambaye hajawahi kumlilia. Padre akauliza jina. Ilimchukua muda kulitamka.

Wiki iliyofuata jina la Kulwa lilisomwa kwenye nia za Misa. Flaviana akalia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile, mpaka akina mama wa Kongo waliokaa nyuma wakamletea leso. Doto alikuwa amemshika mkono. Hakugeuka kuona nani analeta leso. Alitazama altare tu.

Kama mama mkwe wake alikosea, Flaviana hasemi. "Mungu ndiye anayejua. Mimi nilikuwa nimechoka kunyamaza."

Watu wa kaskazini walirudi Machi, wakakaa nyuma ya kioo. Kipindi cha tatu, timu zikiwa sare, Doto alibanwa na mabeki wawili mbele ya goli. Akapasia nyuma, kushoto, bila kutazama. Cheryl, beki wa timu ya Doto, akatokea na kufunga.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Doto alimshukuru kwa kugonga gongo. Cheryl akamshangaa.

"Mimi sikugonga. Nilikuwa mbali bado. Nilisikia limegongwa mbele yangu, nikakimbilia sauti."

Kocha Anna anasema uwanja ule unarudisha sauti, ndivyo ulivyojengwa. Vumilia hambishii. Anasema yeye barafu huitazama, haisikilizi.

Timu ya kaskazini imemchukua. Atakaa na familia mwenyeji na kusoma huko, na matumaini yake ni kuichezea timu ya chuo kikuu, kisha kwenda mbele zaidi. Linalomkosesha usingizi ni moja: uwanja wa huko ni mkubwa, na watazamaji wana kelele.

"Nataka kujua kama nitasikia," anasema, safari hii kwa Kiswahili.

Mama yake anakunja sweta za kupakia. Anasema baridi ya huko ni kali kuliko hii, lakini hana wasiwasi tena.

"Mwezi wa nane wanaondoka," anasema.

Doto yuko pembeni, amesikia. Hamsahihishi.